Likizo ya pwani isiishie mchangani

Desemba iliyopita tulifikia hoteli moja ya Watamu, mimi, mke wangu na watoto watatu. Asubuhi ya pili nikateremka mapokezi kuuliza njia ya kwenda Mida, hori la mikoko lililo jirani. Kijana aliyekuwa pale alinijibu kwa adabu zote, lakini alinitazama kama mtu anayeulizwa njia ya kwenda jaani. "Mida ni matope na mbu tu, mzee," akaniambia. Kisha akanipa karatasi ya matembezi. Kulikuwa na mashua ya kioo, ngamia wa kupanda ufuoni, na safari ya kutazama jua likizama. Kwenye mashua, alisema, wageni hupewa mkate wa kuwarushia samaki ili waje karibu, watoto wafurahi.

Jioni hiyo, katika orodha ya chakula ya hoteli hiyo hiyo, nikasoma: kaa, kamba, chewa wa kuchoma. Kaa mkubwa wa aina ile makazi yake hasa ni matope ya mikoko. Basi sahani ilikuwa inatoka mahali ambapo mapokezi hawakutaka mgeni apajue.

Nina neno moja la kuwaambia wenzangu, Wakenya tunaoshuka pwani kila Desemba na Aprili kwa treni, kwa basi na kwa magari yetu. Katika siku zako tano za ufuoni, siku moja ni ya mikoko. Na ada ya siku hiyo uilipe kwa mkono wako, langoni, kwa wanakijiji wenyewe. Siitaji siku hiyo kama nyongeza ya starehe. Naidai kama deni, na nitaeleza kwa nini.

Mimi ni mzaliwa wa Lamu, ingawa mwaka huu ni wa ishirini na sita nikifundisha Nakuru. Baba yangu alikuwa mkata boriti. Alitoka nyumbani na wenzake kwa jahazi, wakakaa kambini wiki mbili au tatu, na kazi yao yote ilikwenda na maji. Maji yakijaa wanaingiza mitumbwi hadi ndani kabisa ya mikoko, yakipwa wanashuka kukata, yakijaa tena wanautoa mzigo. Miti ilihesabiwa kwa korija, ishirini ishirini, na kila unene una jina lake: fito, pau, boriti, nguzo. Baba alirudi na viganja vyekundu kama bwana harusi aliyetiwa hina, kwa maji ya gome la mkoko. Mama alimpa limau na mchanga asugue. Haikutoka. Ilikwisha yenyewe baada ya siku nyingi, na ilipokaribia kwisha ndipo baba alipoanza safari nyingine.

Bibi yangu alikaa kwenye nyumba ya mawe mtaa wa Mkomani. Mchana wa jua kali tulilazwa chumbani kwake kwa nguvu, na kwa kuwa usingizi haukuja, nilihesabu boriti za darini. Chumba kilikuwa kirefu na chembamba, kama ujia. Nilipokuwa mkubwa ndipo nikajua sababu: boriti ya mkoko haivuki zaidi ya mita tatu hivi bila kulemewa na dari ya mawe na chokaa, kwa hiyo chumba hakiwezi kupanuka kuliko mti unaokibeba. Hivyo ndivyo zilivyojengwa nyumba zetu za mawe, Lamu, Pate, na hata Gede, mji wa magofu ulio karibu na Mida, ambao mwaka 2024 uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia. Mkoko ndio uliokata kipimo cha vyumba vyetu. Hata ng'ambo ilikuwa hivyo. Majahazi ya Arabuni na Ghuba yalishuka na kaskazi yakiwa na tende na samaki wakavu, yakarudi na kusi yakiwa yameshiba boriti, maana kule kwao jangwani hakuna mti wa kuezekea. Serikali ilipiga marufuku kuuza boriti nje mwaka 1982, na majahazi yale yakaja machache, hatimaye yakakoma.

Kwa hiyo mkoko nilioujua mimi ulikuwa umelala. Umevuliwa gome, umepakwa chokaa, uko juu ya kichwa changu. Baba hakutaka kabisa niende naye kambini, alitaka nisome. Nimesoma, nimefundisha watoto wa watu jiografia ya pwani ubaoni, na sikuwahi kuingia ndani ya mikoko hadi siku ile ya Mida, nikiwa na miaka hamsini na moja.

Tulichukua tuktuk mbili. Mlangoni tulilipa ada, na msichana wa Kigiriama akapewa kazi ya kutuongoza. Aliniamkia, akamwamkia mke wangu, akawauliza watoto majina yao na kuyashika. Nilitaka tuingie papo hapo. Akakataa. "Subirini kidogo, baba. Maji bado ni makavu. Mkienda sasa, ndege wako kule mbali, mtaona nukta nukta tu. Yakianza kujaa, yanawasukuma waje kwetu." Tukakaa chini ya mti tukala maembe. Nimekwenda mbuga nyingi na wanafunzi, na pote tumewakimbiza wanyama kwa gari. Hapa tuliambiwa tutulie, wataletwa na bahari.

Alipoona wakati umefika alitupitisha kwanza kwenye michu. Mchu ni mti wa mbele wa nchi kavu, jani lake kijani juu na kijivu chini, na mizizi yake ya pumzi inachomoza matopeni kama kalamu elfu zilizochomekwa wima. Akakwanyua jani moja, akampa binti yangu wa mwisho: "Lamba." Akalamba, akakunja uso. Chumvi. Nami nikachukua langu, nikaligeuza kwenye jua, na nikaiona kwa macho yangu, chembe ndogo zinazometa mgongoni mwa jani kama sukari kwenye kitumbua. Mti ule unakunywa maji ya bahari na kuitoa chumvi kwa majani. Nimeisema sentensi hiyo darasani sijui mara ngapi. Sikuwahi kuiweka ulimini.

Baada ya michu tukaingia mikandaa, vijiti vyake vimenyooka na kubanana, kisha mikoko yenyewe. Mkoko husimama kwa mizizi iliyoinuka juu ya matope, kama mtu aliyepandisha kikoi avuke maji. Juu zilining'inia mbegu zake ndefu za kijani, zenye ncha. Lakini zile si mbegu tena, alitueleza, ni miche. Mkoko haumwachi mtoto wake mpaka ameota akiwa bado mtini, ndipo humwangusha. Akianguka maji yamepwa, ncha inadunga matope na papo hapo ameshapandwa. Akianguka maji yamejaa, ataelea na mkondo hadi apate pa kushika. Mke wangu, ambaye ni mkunga, alisimama pale muda mrefu kuliko sisi sote.

Kenya ina aina tisa za mikoko, na msichana yule alizijua kwa majina ya kwao na ya kwetu. Katikati ya maelezo aliinama akachomoa chupa ya plastiki iliyonasa kwenye mizizi, akaitia kwenye mfuko aliokuja nao, akaendelea na sentensi yake pale pale alipoiachia. Chupa hizo zimekatazwa kuingizwa kwenye hifadhi na fukwe za Kenya tangu Juni 2020. Aliokota nne kabla hatujafika mwisho wa njia. Sikuona sura yake ikibadilika hata mara moja, na hilo lilinikera kuliko kama angelalamika, kwa sababu zile chupa hazikuletwa na watu wa kijijini kwake.

Njia ya Mida ni ya mbao zilizoshikwa kwa kamba, imepita juu ya matope kati ya miti, na ukiikanyaga inatikisika. Watoto walicheka, mimi nilishika kamba kwa mikono miwili. Mwisho wake kuna kibanda cha kutazamia ndege, na mbele ya kibanda hori lote limefunguka. Maji yalikuwa yanaingia polepole, kama kitambaa kinachovutwa na mtu usiyemwona. Na mbele ya maji, wakirudi nyuma hatua kwa hatua, walikuja ndege. Vitwitwi kwa mamia, wadogo, wakikimbia na kudona. Wengine kati yao wamezaliwa Siberia, huko kaskazini mwa Urusi ambako Desemba ni barafu tupu, na wameruka njia yote ile kuja kushiba matopeni kwetu.

Nilimpenda mmoja kuliko wote. Ni mweupe, mgongo mweusi, miguu mirefu ya rangi ya majivu, na mdomo mnene mweusi kama koleo la mhunzi. Chakula chake ni kaa. Anakimbia hatua mbili tatu, anasimama, anadunga, anamtoa kaa shimoni na kumvunja kwa mapigo mawili. Anazalia kwenye fukwe na visiwa vya mchanga vya Ghuba, Oman, Bahari ya Shamu na pande za Somalia, na kiota chake ni shimo refu analolichimba ndani ya mchanga. Humo hutaga yai moja tu, na joto la mchanga humsaidia kulitamia. Msimu wa kuzaa ukiisha huja kwetu na mwanawe. Binti yangu ndiye aliyewaona: mmoja mkubwa akitembea mbele, na nyuma yake mwenzake wa kijivu asiyeacha kulia. Kila mkubwa alipomvunja kaa, mdogo alifika mbio. Ameruka kutoka Ghuba hadi Watamu kwa mabawa yake mwenyewe, na bado analishwa na mzazi.

Nikawaambia watoto kwamba ndege huyu yuko kwenye njia ya majahazi yaliyofuata mti wa babu yao. Majahazi yamekoma, yeye bado anakuja. Anakuja kwa sababu matope bado yapo.

Sasa turudi kwenye deni.

Mtu aliyelala mchangani Watamu, maji ya samawati mbele yake, anadhani amekuja kwenye kitu kinachojitosheleza. Hajui kwamba maji yale ni safi kwa sababu kuna kazi inafanywa nyuma yake. Mikoko inapunguza kasi ya maji yanayoshuka kutoka bara na kuyafanya yaache udongo wake kwenye mizizi. Kisha nyasi za baharini nazo huchuja. Ndipo maji yanafika kwenye matumbawe yakiwa yana mwanga, na matumbawe hayaishi bila mwanga. Matumbawe nayo huvunja mawimbi kabla hayajafika pwani na kula mchanga. Changu, tafi, chewa, mkizi na kamba wengi hupitisha utoto wao kati ya mizizi ile, mahali ambapo samaki mkubwa hawezi kugeuka, kisha hutoka nje kwenye mwamba. Hifadhi ya bahari ya Watamu, pamoja na ya Malindi, ilitangazwa mwaka 1968, kati ya zile za mwanzo kabisa Afrika, na waliochora mipaka hawakuishia kwenye mwamba na mchanga. Walilitia ndani na hori la Mida. Watu wale walielewa miaka zaidi ya hamsini iliyopita jambo ambalo karatasi ya matembezi ya hoteli haijalielewa hadi leo.

Na tumeshaona mzigo ukizidi. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilishusha udongo mwingi mno toka mashamba ya bara, na katika mahori kama Mwache, Mombasa, mikoko ilizikwa mizizi ya pumzi ikafa kwa eneo kubwa. Mkoko unastahimili chumvi. Kuzibwa pumzi hauwezi. Udongo ule ulitoka kwenye miteremko inayolimwa nyuma ya pwani.

Hapa lazima nimtetee baba yangu, maana nimechoka kusikia hotuba za mazingira zinazomtaja mkata boriti kana kwamba yeye ndiye msumeno wenyewe. Baba alichagua. Alipita miti kumi akakata mmoja, kwa sababu mnunuzi alitaka boriti iliyonyooka yenye unene wake, na mti mnene uliopinda uliachwa uendelee kuzaa. Zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko Lamu, mahali ambapo ilikatwa kwa karne nyingi kwa shoka za watu kama yeye. Ile iliyofyekwa ikabaki uwanja mtupu ni mingine. Gazi, kusini mwa Diani, miaka ya 1970 mikoko ilikatwa yote mahali pamoja kuwa kuni za matanuri ya matofali na chokaa. Kaskazini mwa Malindi ilifyekwa kupisha mabwawa ya chumvi. Mombasa mjini inanyweshwa maji taka. Hayo hayakufanywa na mtu mwenye mtumbwi. Lakini Februari 2018, serikali iliposimamisha ukataji wa miti kwenye misitu yote ya umma, jirani zetu wa Lamu walikaa barazani miezi na miezi bila kazi, shoka zimeegeshwa ukutani. Yule aliyeharibu alikuwa ameshaondoka zamani na faida yake.

Ndiyo maana Gazi inanipa moyo. Miti ilirudishwa pale kwa mikono, mche mmoja mmoja, tangu mwanzo wa miaka ya 1990, kwa kazi ya wanakijiji na watafiti wa taasisi ya serikali ya utafiti wa bahari, KMFRI, wakiongozwa na Dakta James Kairo. Mwaka 2013 wanakijiji wa Gazi na Makongeni walianza mradi wa Mikoko Pamoja: wanalinda hekta 117 za mikoko na kuuza hewa ya ukaa inayohifadhiwa na miti hiyo na matope yake, tani 3,000 hivi kwa mwaka. Fedha huingia kijijini, na wanakijiji ndio wanaokaa kikao kuamua zifanye nini. Zimevuta maji ya bomba, zimenunua vitabu vya shule. Mwaka 2017 mradi ulipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Wanawake wa Gazi wana njia yao ya mbao ndani ya mikoko, na ukimaliza kutembea wanakupakulia wali wa nazi na samaki. Kutoka hoteli za Diani hadi hapo ni safari fupi ya gari, lakini nimekutana na watu waliokwenda Diani mara kumi ambao jina la Gazi hawajalisikia.

Mida nako fedha ya langoni ina kazi inayoonekana. Shirika la A Rocha Kenya lilianzisha mwaka 2001 mpango uitwao ASSETS, ambao hutumia ada za wageni pamoja na michango kuwalipia karo ya sekondari watoto wa familia zinazopakana na hori hilo na msitu wa Arabuko-Sokoke. Mimi ni mwalimu. Kila mwanzo wa muhula nasimama mlangoni mwa darasa na karatasi ya majina ya wasiolipa, na kuna wakati inanibidi niyasome. Najua jinsi mtoto anavyokusanya vitabu vyake wakati wenzake wanamtazama, anavyochukua muda mrefu kufunga mkoba ili asilie kabla hajatoka. Kwa hiyo nikitoa noti langoni pa Mida, sihitaji kuelezwa inakwenda wapi. Na mzazi ambaye karo ya mwanawe imetoka kwenye mikoko hahitaji askari wa kumkataza kuikata.

Wakati tunatoka, gari moja kubwa lilifika na familia ya watu wa bara kama sisi. Baba mtu alipoambiwa ada alikasirika. "Hii ni bahari ya Mungu na nchi ni yetu. Nilipe nini kutazama miti?" Wakapiga picha mbili hapo mlangoni, wakaondoka. Sikumjibu, maana ulikuwa ugomvi usionihusu, lakini nimekuwa nikimjibu moyoni tangu siku hiyo, na namjibu hapa. Ndugu yangu, ni kweli bahari ni ya Mungu. Mbao ulizozikanyaga mlangoni zimebebwa na vijana wa kijijini. Msichana anayekujulisha saa ya maji amejifunza miaka. Na mikoko uliyoipiga picha imesimama pale kwa sababu watu wenye haki ya kuikata, wenye nyumba za kuezeka na sufuria za kupikia, wameamua wasiikate. Wao wamekulipia wewe mapema. Ada ile ni kurudisha kidogo tu.

Mke wangu ananiambia nisisahau kwamba kwa familia ya watu sita au saba kila shilingi ina kazi yake. Ni kweli, nami si tajiri. Lakini mashua ya kioo ingetugharimu zaidi ya matembezi ya Mida, na mkate wanaorushiwa samaki si chakula chao. Ukibanwa, acha mashua. Wala sitamani kila hoteli imwage mabasi mawili ya wageni pale kila asubuhi, na muziki, na ndege waruke wasirudi. Nataka ile karatasi ya mapokezi iwe na mstari mmoja wa mikoko, na ubaoni paandikwe saa ya maji kujaa na kupwa. Hilo halimgharimu mwenye hoteli hata senti. Nataka yule kijana wa mapokezi apelekwe Mida siku moja kwa gharama ya mwajiri wake, alambe jani la mchu. Siamini kama baada ya hapo atasema ni matope na mbu tu.

Na walimu wenzangu wa bara, ambao hupanga ziara za Mombasa kila mwaka: tunawapeleka wanafunzi Fort Jesus, tunawapeleka feri ya Likoni, kisha tunawaachia saa tatu za kuogelea. Ongezeni nusu siku. Wenzetu wa Zanzibar wana njia ya mbao ndani ya mikoko kule Pete, katika Hifadhi ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, kando ya barabara ile ile ya kwenda fukwe za Paje na Jambiani. Wa Tanzania bara wana Rufiji, ambayo pamoja na Mafia na Kilwa imo tangu 2004 katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu kwa dunia nzima. Delta yetu ya Mto Tana imo humo tangu 2012. Kila tarehe 2 Februari viongozi husoma hotuba za Siku ya Ardhioevu Duniani, mara nyingi ukumbini, wamevaa viatu vilivyong'arishwa. Ningependa mwaka mmoja hotuba hiyo isomwe maji yakiwa makavu, na msomaji amezama hadi vifundoni.

Tukiwa bado kibandani, maji yameshafika chini ya mbao, nilimpigia baba simu. Ana miaka themanini na nne na hasikii vizuri, kwa hiyo nilipiga kelele na vitwitwi wa karibu wakaruka. Nikamwambia niko ndani ya mikoko, Mida, na wajukuu zake. Akanyamaza kidogo. Kisha akauliza miti iko unene gani. Nikamwambia mingi ni pau, lakini kuna boriti nzuri, zimenyooka, na zingine zimeshapita kuwa nguzo.

"Na hakuna anayekata?"

"Hakuna, baba."

Akauliza nani anatuonyesha njia. Nikamwambia ni binti wa hapa hapa kijijini. Akataka kujua kama analipwa kwa kuijua mikoko. Nikamgeukia msichana, naye alikuwa amesikia kila kitu, akatikisa kichwa kukubali huku anacheka. Nikamwambia baba ndiyo, analipwa.

Alirudia neno hilo peke yake, "analipwa," kama anayelipima uzito. Halafu akaniuliza maji ya bamvua yatakuwa lini baada ya Idi, na kama basi la kutoka Lamu linaweza kumshusha Gede bila kufika Mombasa. Nikamwambia linaweza. Ameniagiza nimtafutie viatu vya mpira, namba nane.